Gari la wagonjwa lisitoke mikono mitupu

Usiku mmoja miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu katika hospitali ya wilaya, simu ilipigwa kutoka kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita 70 hivi. Mama mwenye mimba yake ya kwanza, ya miezi minane, presha ilikuwa imepanda, kichwa kinamuuma vibaya na macho yanaona ukungu. Muuguzi akiwa bado anaandika barua ya rufaa, mama akaanza kukakamaa na kutetemeka mwili mzima. Kilikuwa kifafa cha mimba. Dawa yake ni magneziamu, na pale kituoni ilikuwa imeisha wiki hiyohiyo.

Gari la wagonjwa liliondoka hospitalini kwetu baada ya dakika chache. Dereva alikuwa mtu makini, gari zima, mafuta yapo. Alikwenda kilomita 70 na kurudi kilomita 70 kwenye barabara ya vumbi. Aliporudi, mama alikuwa ameshikwa na kifafa mara mbili zaidi njiani, amejing'ata ulimi na hajitambui. Tulimchoma magneziamu akiwa bado kwenye machela.

Kabati tulilotoa dawa ile liko hatua kama 40 kutoka mahali gari linapoegeshwa. Gari lilianza safari likiwa karibu kabisa na dawa, likaenda bila dawa, na likarudi na mgonjwa anayeihitaji dawa hiyohiyo.

Mama alipona. Tulimpeleka hospitali ya mkoa, akalala chumba cha wagonjwa mahututi kwa siku sita. Mtoto alizaliwa akiwa tayari amefariki.

Sikuwa na sababu ya kumlaumu dereva. Nilimuuliza tu kama huwa anapewa dawa yoyote anapotumwa kuchukua mgonjwa. Akanijibu kwa upole, "Daktari, mimi nimepewa ufunguo wa gari. Ufunguo wa kabati la dawa sijapewa." Na mimi niliyepokea simu ile sikumwambia muuguzi hata mmoja achukue dozi aende nayo. Haikuwa kazi ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyeifanya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema jambo moja kila ninapopata nafasi: liwepo sharti la wazi kwamba gari la wagonjwa halitoki bila dawa chache za dharura na bila mtu anayejua kuzitumia. Na kila ninaposema hivyo, jibu la kwanza ninalopewa ni swali la pesa. Nani atalipa? Leo nataka tulijibu swali hilo kwa utulivu, kwa sababu ni swali halali. Fedha ya umma ni yetu sote.

Tupige hesabu

Nitatumia makadirio yangu mwenyewe, na makusudi nimeyaweka juu ili nisionekane ninapendelea upande wangu.

Tuseme seti moja ya dawa za dharura, pamoja na sindano, mipira ya dripu, maji ya dripu na glavu, inagharimu Sh200,000. Tuseme pia kwamba kila mwaka tunainunua mara mbili, kwa sababu nyingine itatumika na nyingine itaharibika. Hiyo ni Sh400,000 kwa gari moja kwa mwaka.

Sasa tuongeze watu. Dawa bila mkono uliofundishwa ni hatari. Tuseme kila gari linahitaji wahudumu wanne ili kuwe na zamu, na kumfundisha kila mmoja kunagharimu Sh300,000, na mafunzo yanarudiwa kila baada ya miaka miwili. Ukigawa, unapata Sh600,000 kwa gari moja kwa mwaka. Jumla ya dawa na mafunzo ni Sh1 milioni kwa gari kwa mwaka.

Gawanya kwa siku 365. Unapata kama Sh2,740 kwa siku. Kwa bei za miaka hii ya karibuni, hiyo ni takriban lita moja ya dizeli.

Kwa nchi nzima je? Tanzania Bara ina halmashauri 184. Tukisema kila moja ina magari matatu ya wagonjwa yanayofanya kazi, tunapata magari 552, na gharama ya Sh552 milioni kwa mwaka. Ni fedha nyingi mfukoni mwangu na mwako. Lakini gari moja jipya la wagonjwa, lile la kupanda milima na kuvuka matope, linagharimu zaidi ya Sh100 milioni. Kwa hiyo tunazungumzia bei ya magari machache tu, ili mamia ya magari mengine yafanye kazi tuliyoyanunulia.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Yule mama wa usiku ule alitumia siku sita katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alihitaji safari ya pili ya gari, damu, vipimo vya figo kila siku, muuguzi wa kumwangalia usiku na mchana. Mumewe aliacha shamba, mama mkwe wake akahamia mjini kumuuguza. Sitaki kudanganya kwamba dozi ya njiani ingefuta yote hayo. Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa kimataifa ulionyesha kuwa magneziamu hupunguza kifafa cha mimba kujirudia kwa takriban nusu ikilinganishwa na diazepamu. Nusu haina maana ya wote. Lakini siku moja tu ya chumba cha mahututi inatosha kununua dozi nyingi sana za magneziamu, na gharama hiyo ya kutokuwa na dawa tunailipa kila mwaka bila kuipigia kura kwenye kikao chochote cha bajeti.

Fedha inapopotelea

Pamoja na hayo, wanaoogopa gharama wana hoja. Sharti zuri likiandikwa vibaya linaweza kula fedha nyingi bila faida. Mfano mzuri uko Marekani.

Mwaka 1999 jimbo la Washington lilipitisha sheria inayotaka huduma zote za magari ya wagonjwa ziwe na adrenalini, na wahudumu wake wafundishwe kuitumia. Adrenalini ndiyo dawa ya kwanza mtu anapopata mzio mkali, kwa mfano baada ya kuumwa na nyuki au kula karanga, koo likaanza kuziba na presha ikaporomoka. Wahudumu walitumia kalamu maalumu iliyojazwa dawa tayari, ambayo unaibana tu kwenye paja. Inayojulikana zaidi ni EpiPen.

Mwaka 2007 kalamu mbili za EpiPen ziliuzwa kwa kama dola 100. Kufikia 2016 bei ilikuwa imepanda hadi kama dola 600, na dawa iliyomo ndani ni ileile ya siku zote. Kalamu ikipita tarehe yake inatupwa, hata kama haikutumika. Huduma za magari ya wagonjwa zikajikuta zinatupa mamia ya dola kila mara tarehe ilipofika.

Kaunti ya King, ambako uko mji wa Seattle, ikafikiria upya. Walichohitaji kilikuwa adrenalini, na kalamu ilikuwa njia mojawapo tu ya kuibeba. Wakatengeneza kifurushi chao: chupa ndogo ya adrenalini, sindano, na maelekezo mafupi ya dozi ya mtu mzima na ya mtoto. Wakawafundisha wahudumu wao kuvuta dawa na kuchoma. Gharama ya kifurushi ikawa sehemu ndogo tu ya bei ya kalamu.

Kwetu kalamu hizo ni adimu, na chupa ndogo ya adrenalini bei yake iko karibu na ya soda kuliko ya simu. Lakini funzo linatuhusu. Sharti litaje dawa, lisitaje chapa wala aina ya sanduku. Siku tutakapoandika kwamba kila gari liwe na "boksi la aina fulani", tutakuwa tumemkabidhi muuzaji mmoja ufunguo wa hazina.

Fedha hupotea pia kwa njia ya tarehe. Dawa ya dharura kwa asili yake hukaa inasubiri. Ikifungiwa garini ikasahauliwa, itaharibika. Dawa yake ni utaratibu rahisi wa mzunguko: seti ni mali ya duka la dawa la hospitali, na mfamasia anaikagua kila mwezi. Dawa iliyobakiza miezi sita inarudishwa wodini, ambako itatumika wiki hiyohiyo, na mpya inaingia garini. Ukifanya hivyo, karibu hakuna kinachotupwa. Ile Sh400,000 niliyoipigia hesabu juu itashuka sana.

Na kuna joto. Gari lililoegeshwa juani Dodoma au Tanga mchana linakuwa tanuri. Oksitosini, dawa tunayoitumia sana kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ukiamuru ikae garini bila jokofu, umeamuru gari libebe maji. Kwa hiyo seti isiishi ndani ya gari. Ikae mahali penye kivuli karibu na mlango wa dharura, imefungwa, na itoke pamoja na mhudumu safari inapoanza.

Dawa zipi?

Wagonjwa wengine na wazazi wao huniuliza, "Mbona dawa ya mtoto wangu hamuitaji?" Ni swali gumu, kwa sababu orodha ikiwa ndefu hakuna atakayeimudu. Kanuni yangu ni kuchagua dawa ambayo mgonjwa hawezi kuisubiri hadi afike, na ambayo ikiwezekana inafanya kazi zaidi ya moja.

Adrenalini ni ya mzio mkali na ya moyo uliosimama. Glukosi ni ya mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka hadi kupoteza fahamu, na ya mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari imekwisha mwilini. Diazepamu ni ya degedege lisilokoma. Magneziamu ni ya kifafa cha mimba. Asidi ya traneksamiki ni ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na pia ya majeruhi wa bodaboda. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha zaidi ya wanawake 20,000 katika nchi 21 ulionyesha kuwa inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa waliojifungua, na kwamba inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa tatu. Ukiishi saa mbili kutoka hospitali, saa hizo tatu zinaishia barabarani. Dawa hiyo haihitaji jokofu.

Ya mwisho ni haidrokotisoni. Wengi huijua kama dawa ya pumu kali. Lakini kuna kundi dogo la wagonjwa, wakiwemo watoto, ambao tezi zao zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni ya kortisoli. Watu hawa huishi vizuri kwa vidonge. Wakipata homa kali, kuharisha na kutapika, au ajali, mwili wao hauwezi kuhimili bila sindano ya haidrokotisoni. Presha inashuka, sukari inashuka, na wanaweza kufa ndani ya saa chache huku kila mtu akidhani ni malaria. Mzazi wa mtoto kama huyo akiomba dawa iwemo garini, ataambiwa ugonjwa huo ni adimu mno. Lakini chupa ileile iliyowekwa kwa ajili ya wengi wenye pumu ndiyo inayomwokoa huyu mmoja. Hatuongezi hata shilingi moja.

Ongeza mtungi wa oksijeni uliojaa, na puto la kumpulizia hewa mgonjwa lenye barakoa ya mtu mzima na ya mtoto. Hapo seti imetosha.

Mkoba uende na mgonjwa

Miaka ya karibuni nchi yetu imefanya jambo kubwa. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga kupata usafiri wa dharura kwa kupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anatumwa dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa. Kwa mujibu wa takwimu za kitaifa, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Sababu ni nyingi, na usafiri umo.

Sasa, dereva wa teksi wa kijijini hatuwezi kumpa diazepamu. Wala hatutaki sharti litakalomfanya aogope kuitikia simu usiku. Ndiyo maana nasema sharti lisifungwe kwenye gari. Lifungwe kwenye safari. Mgonjwa wa rufaa mwenye hali mbaya asafiri na muuguzi au mhudumu aliyefundishwa, mwenye mkoba wa dawa begani, hata kama chombo ni teksi, pikipiki ya matairi matatu au boti. Mkoba una namba, una orodha, na una sahihi ya aliyeutoa na aliyeurudisha. Diazepamu ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo daftari ni lazima.

Kipengele hiki cha mtu ndicho ghali kuliko vyote, na sitaki kukificha. Kituo cha afya chenye muuguzi mmoja usiku kikimtoa kwenda na mgonjwa, wodi inabaki na nani? Hesabu yangu ya Sh1 milioni haina mshahara wa mtu wa ziada wala posho ya usiku. Ukiviweka, gharama inapanda mara kadhaa. Jibu langu ni kwamba tusianze kila mahali siku moja. Tuanze na magari yanayotoka hospitali za halmashauri, ambako wauguzi ni wengi kidogo na gari linakwenda kumfuata mgonjwa. Huko ndiko gari letu lilikotoka usiku ule.

"Vituo vyenyewe havina dawa"

Pingamizi zito kuliko yote niliwahi kupewa na mfamasia mmoja ninayemheshimu. Aliniambia, "Dada daktari, rafu za zahanati hazijajaa. Unataka nichukue dawa wodini nikaziweke zisubiri garini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Dozi ya kwanza ya magneziamu haipaswi kusubiri gari kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apewe dozi ya kuanzia palepale alipo, hata kama ni zahanati, kisha ndipo apelekwe mbele. Inaweza kuchomwa kwenye misuli ya makalio yote mawili bila kuhitaji dripu. Kwa hiyo kama nina shilingi moja tu, nitaipeleka kwenye kabati la zahanati kabla ya mkoba wa gari.

Lakini angalia tena kisa chetu. Zahanati na vituo vitaishiwa dawa mara kwa mara, hata katika nchi zenye fedha. Gari linalofika na mkoba ndilo akiba ya mwisho ya kituo kilichoishiwa. Na kwa kuwa dawa inazunguka kati ya mkoba na wodi, haijatolewa kwa mgonjwa yeyote. Imebadilisha tu mahali inaposubiri, kutoka kwenye rafu hadi mlangoni.

Sharti lije na fungu lake

Ninaogopa kitu kimoja zaidi ya gharama. Ninaogopa sharti lisilo na fedha.

Tunajua linavyokwenda. Waraka unatoka, mkaguzi anakuja, halmashauri inakopa dawa wodini siku ya ukaguzi na kuzirudisha jioni. Au gari linatoka na mkoba, dawa inatumika, na hakuna fungu la kuijaza tena. Safari ya pili mkoba una glavu tu. Baada ya hapo ndugu wa mgonjwa, ambao huenda tayari wamechangishwa mafuta, wanaambiwa wapitie duka la dawa. Sharti lililotungwa kumlinda mgonjwa linageuka kuwa ankara mpya kwake.

Kwa hiyo kwa wanaopanga bajeti naomba mambo mawili. La kwanza, dawa za mkoba ziwe na mstari wake katika bajeti ya halmashauri, na ziagizwe Bohari ya Dawa pamoja na dawa nyingine, zisitegemee huruma ya wodi. La pili, tunapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, huduma ya njiani ihesabiwe kuwa matibabu. Kitita kinacholipia kitanda na upasuaji lakini kikasahau saa mbili za barabarani kinamwacha mgonjwa pale alipo dhaifu kuliko wakati wowote.

Wewe mzazi, wewe mgonjwa

Wakati wakubwa wanajadili, kuna mambo yaliyo mikononi mwako.

Mgonjwa wako akipewa rufaa, uliza kwa adabu kabla gari halijaondoka: amepewa dozi ya kwanza ya dawa gani, saa ngapi, na imeandikwa kwenye barua? Nani anakaa naye nyuma? Oksijeni ipo? Maswali haya si ya kugombana. Mhudumu mzuri huyapokea vizuri, na mara nyingine ndiyo yanayomkumbusha.

Mjamzito akiumwa kichwa kikali, akaona ukungu au vimulimuli, akapata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono ikavimba ghafla, asingoje asubuhi. Aende kituoni, au mpigieni 115.

Kama mtoto wako ana pumu, kifafa, kisukari au mzio, weka dawa zake kwenye mfuko mmoja unaojulikana na kila mtu nyumbani, na karatasi yenye jina la ugonjwa na dozi. Mfuko huo uingie naye garini. Mwenye kutumia vidonge vya steroidi kama predinisoloni kwa muda mrefu asiviache ghafla bila ushauri, na aandike kwenye kadi kwamba anavitumia.

Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, kisha mwahi hospitali. Hiyo huduma ya kwanza haihitaji mkoba.

Na siku diwani wako atakapoitisha mkutano kueleza kwamba kata imepata gari jipya la wagonjwa, pigeni makofi, linastahili. Kisha mmoja wenu anyooshe mkono aulize: ndani yake kuna nini?

Yule mama ninamwona bado. Miaka miwili baadaye alikuja kliniki na mimba ya pili. Safari hii presha yake tuliifuatilia tangu mwanzo, na alijifungua salama mtoto wa kike. Siku ya kuruhusiwa nilitembea naye hadi nje. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa palepale. Alilitazama, hakusema kitu, akamfunika mtoto vizuri na kuondoka.

Siku hizi pale mlangoni pana msumari, na kwenye msumari unaning'inia mkoba mwekundu. Tuliununua kwa kuchangishana wafanyakazi wenyewe, na mfamasia wetu ndiye anayeujaza. Dereva hapewi safari ya rufaa kabla muuguzi hajautwaa. Huo ni mkoba mmoja, wa hospitali moja, uliotokana na aibu yetu. Mikoba mingine isisubiri kila hospitali ipate aibu yake.